Kidonda cha Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mama mkwe wangu alipoingia chumbani kwangu kwenye zahanati ya Lalago, nami nikageukia ukutani. Usicheke. Ndivyo tulivyolelewa Wasukuma wa enzi zetu: mwanaume hamkazii macho mama mzaa mkewe, sembuse kumwambia apanue kinywa. Nilikuwa tabibu mpya mwenye koti jeupe, lakini mbele yake nilikuwa mkwe tu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma, nikiwa nimempa mgongo.

"Mwangaluka, baba. Mdomo unaniuma tangu tulipopanda pamba."

Na wakati huo tulikuwa tunavuna! Hapo nilipaswa kushtuka. Badala yake nikaandika kwenye kadi, "kidonda mdomoni," nikampa dawa ya zambarau ya kupaka, nikajiona nina adabu kweli kweli. Aliporudi akiwa na hali mbaya zaidi, nikaandika barua ya rufaa kwa daktari wa meno Bariadi, kwa maneno yale yale mawili. Mke wangu akampeleka, akarudi naye siku hiyo hiyo. Walikuwa wamepangiwa mwezi uliofuata.

Mwezi ulipofika, daktari alimwona, kisha akaniita. Alikuwa mama mtu mzima, hana mchezo. Aliiweka barua yangu mezani.

"Kidonda mdomoni! Kiko wapi? Kina ukubwa gani? Kingo zimelala au zimeinuka? Ukikibonyeza ni laini au kigumu? Kwa barua hii nilidhani ni vidonda vya kawaida vinavyopona vyenyewe. Ndiyo maana nilimpanga mwisho."

"Daktari, yule ni mama mkwe wangu."

"Basi ungemwita muuguzi aangalie, wewe uandike. Hiyo heshima yako itamuua."

Akanipa glavu, pale pale mbele ya mgonjwa. Nikazivaa huku nikitazama sakafu, nakuambia ukweli. Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. Alifungua kinywa, akasema, "Angalia, baba. Mimi nataka kupona."

Nikaangalia. Ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda cha milimita ishirini, kingo zimeinuka, chini yake pagumu kama punje ya mahindi. Pembeni kulikuwa na baka jeupe ambalo halikufutika nilipolisugua kwa pamba. Chini ya taya nilishika tezi moja ngumu. Niliandika kila kitu, na kwa barua hiyo alipokelewa Mwanza bila kusubiri foleni. Walikata kinyama kidogo wakakipima. Ilikuwa saratani.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini walimkata nusu ya ulimi, na daktari hakunificha: angefika mapema, wangekata kidogo tu. Mwanamke yule aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani aliishi miaka mingi akizungumza maneno ambayo sisi wa nyumbani pekee tuliyaelewa. Hakunilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeanza kazi mwezi huu, nisikilize vizuri. Usiandike "kidonda" ukaweka kalamu chini. Sema kama ni kidonda, lengelenge, uvimbe au baka. Sema kiko kwenye ufizi, kwenye kaakaa au chini ya ulimi, kina rangi gani, kinatoa damu au hapana. Papasa shingo ya mgonjwa, tafuta tezi. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kisikae kwako, kipeleke mbele. Siku hizi mnatumiana picha kwenye simu, ni jambo zuri, lakini picha haisemi kama pale ni pagumu. Kidole chako ndicho kitakachosema. Na akija mtu unayemwonea haya, iwe mkwe, padri au mwalimu wako, mwombe radhi kwanza, halafu mwambie apanue kinywa. Ukishindwa kabisa, mwite mwenzako, lakini asitoke hapo bila kuangaliwa.

Nenda, baba. Mungu akupe jicho lisilokwepa na mkono usiotetemeka, na kila atakayekufungulia kinywa chake arudi kwao akiimba.