Fundi Cherehani, Mkasi na Waya za Meno

Mwandishi wa simulizi hii anajua habari za meno kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Yake mwenyewe yamebaki manne, na hayo manne hayajawahi kukutana.

Saa moja asubuhi, fundi cherehani ameshainamia sare za shule za kijani. Shingoni amening'iniza mkasi kwa utepe, kama mtoto aliyefungwa ufunguo wa nyumba asije akaupoteza. Kila akimaliza mshono, mdomo unaufuata uzi wenyewe.

"Mkasi, mama," anasema binti yake kutoka cherehani ya pili, bila kugeuka.

"Nimeuona."

Kwa zaidi ya miaka ishirini fundi huyu amekata uzi kwa meno na kubana pini midomoni. Sasa ana miaka arobaini na mitano, na ana waya za meno. Wateja hawaachi kumtania. "Mmoja aliniuliza kama mwakani naanza sekondari," anasema.

Hakuzitafuta kwa urembo. Meno ya chini yalikuwa yakichoma kaakaa mpaka damu, na ya juu yalipandana kama watu wanaogombea mlango. "Nilikuwa nacheka nimejiziba kwa kitambaa cha mteja. Siku nyingine namrudishia kina mate."

Anayetaka kuanza, fundi hamfichi. Kugundishwa vile vyuma vidogo vinavyoshika waya kwenye meno hakuumi. Maumivu huja jioni, waya unapoanza kuvuta, na hukaa siku kadhaa.

"Hata ndizi mbivu niliiona ngumu. Nilikula vya kumeza tu, nikagombana na nyumba nzima."

Waya ukichubua shavu, anaufunika kwa nta laini aliyopewa. Kila akila anapiga mswaki, kisha anapitisha kiburashi chembamba chini ya waya. Kila mwezi anarudi kwa daktari wa meno kukazwa waya, na maumivu yanaanza upya. "Mimi sijayazoea. Yenyewe ndiyo yamenizoea."

Adui yake ni uzi. Mara mbili ameuma, mara mbili chuma kimebanduka, na jino lililokwisha kusogea likarudi lilikotoka. Daktari wake, kijana anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimwambia wazi: kikibanduka kingine kwa sababu ya uzi, anazitoa zote.

"Hazitoki," anasema fundi, akikaza skrubu ya cherehani. "Nitazivaa mpaka zimalize kazi. Huyu binti yangu akijaliwa mtoto, nataka nicheke mikono yote miwili ikiwa imembeba mjukuu."

"Usiniharakishe," anasema binti.

Mchana, mama na binti wako kwa daktari. Fundi amelazwa kitini, mdomo wazi, taa usoni. Binti amesimama mlangoni.

"Umekata uzi kwa meno, mama?" anauliza daktari.

"Tangu siku ile, hata mmoja. Muulize mwanangu."

Mwanawe anaangalia dari.

Daktari anagusa chuma kimoja baada ya kingine. Vidole vya fundi vimeukamata mkasi wa shingoni.

"Vyote vimeshika," anasema daktari hatimaye. "Tunaendelea."

Fundi anashusha mabega. Lakini daktari hajatoa mkono. Anaingiza kibano kwenye waya wa pembeni, anavuta polepole, kisha anainua kitu kwenye mwanga.

"Na huu?"

"Huo ni ule uzi wa kusafishia meno, daktari. Si ulisema niutumie kila siku?"

"Wa kijani?"