Kuku Wawili wa Injini ya Maji

Watu wakinieleza jinsi wakoloni walivyotuletea utaalamu, huwa nawauliza: walimwachia nani? Hasira yangu ya mambo haya ni kongwe kuliko watoto wangu, nami sina nia ya kuipoza.

Huku juu Newala ardhi ni nzuri, mihogo inakubali, mikorosho inakubali, ila maji hayapo. Yako chini bondeni. Mama alishuka alfajiri na debe, akapanda nalo kichwani jua likiwa utosini, na kesho yake tena. Kwa hiyo serikali ilipojenga kibanda cha injini kule bondeni, ikatandaza mabomba mpaka juu, tulishangilia kweli. Baba alipata kazi hapo. Aliandikwa mtia mafuta.

Baba alikuwa amejifunza useremala misheni, upande wa Masasi, na alijua utaratibu wa kupata ufundi. Kwetu ukitaka kufundishwa kazi ya mikono, unampelekea fundi kuku. Akimpokea, amekubali: kuanzia hapo hakufichi kitu. Akikuona hufai, anakurudishia kuku wako mnabaki na amani. Kumla kuku na kumnyima mtu ufundi ni wizi, hata mtoto analijua hilo.

Baba akampelekea mzungu aliyesimamia injini jogoo mwekundu. Mzungu akampokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kiswahili chake kibovu, Jumapili akamla. Baba akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Akangoja kufundishwa. Kila injini ilipofunguliwa, mzungu alimtuma nje: kalete maji ya kunawa, kafyeke majani, kahesabu mapipa. Akirudi, injini imeshafungwa na sanduku la spana lina kufuli. Mwaka mzima hivyo. Baba akajifunza kwa masikio na kwa pua, maana hivyo havikuweza kutumwa nje. Akagundua mwenyewe kwamba dizeli ile, iliyofika kwa mapipa kutoka pwani, ilikuwa na uchafu, akawa anaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama kabla ya kuimimina. Hakuna aliyemwagiza.

Siku moja mzungu akiwa safarini Masasi, injini ilizimika. Baba hakuwa na spana. Alifungua kijibomba cha mafuta kwa koleo la nyumbani, akakizibua kwa unyoya wa kuku, akakirudisha. Injini ikawaka. Huku juu hatukujua hata kama maji yalikuwa yamekatika.

Mzungu aliporudi, karani wa maji akamsimulia kwa furaha, akidhani baba atapongezwa. Baba alifukuzwa siku hiyo hiyo kwa kugusa mashine. Hakubishana, wala hakuomba msamaha. Alisema jambo moja, karani akalitafsiri:

"Basi nirudishie kuku wangu."

Mzungu alicheka. Akatoa shilingi mfukoni. Baba akaiacha mkononi mwake, akapanda mlima kurudi nyumbani.

Mtia mafuta mpya alimimina dizeli kama ilivyokuja. Kwa nini asifanye hivyo, nani alimwambia? Haukupita muda injini ikaanza kukohoa, kisha ikanyamaza. Mzungu akafungua, akafunga, akasoma kitabu chake, akazibua, ikawaka, ikazima tena. Mabomba ya huku juu yakakauka. Wanawake wakarudia madebe yao, na mama yangu miongoni mwao, mimba ya miezi saba tumboni.

Karani alikuja kumwita baba. Baba akamjibu kwa adabu kwamba yeye hana ugomvi na mtu, kuku wake akirudi naye atarudi. Akaja mara ya pili, jibu likawa lile lile. Nilimwelewa baba. Lakini aliyeshuka bondeni hakuwa yeye, na kwa hilo nilimkasirikia pia, nikanyamaza kwa kuwa ni baba yangu.

Siku ya sita tangu mabomba yakauke, mama aliteleza kwenye mteremko. Alifika nyumbani na debe tupu lililobonyea, goti linavuja damu, akaketi akishika tumbo mpaka mtoto alipocheza. Baba alimkanda goti. Hakuna aliyetaja injini.

Asubuhi baba akiwa shambani, mama alimkamata kuku wake mweupe, aliyekuwa anataga, akamfunga miguu, akaniambia nimfuate. Tukashuka polepole. Kibandani alimpa karani shikamoo yake, kisha akamnyoshea mzungu kuku wake.

"Mwambie bwana, huyu ni wa kumrudishia mume wangu. Aende naye mwenyewe, asimtume mtu."

Karani alipomaliza kueleza, mzungu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Hata hivyo alimchukua. Alipanda nasi mpaka nyumbani, uso mwekundu, kuku kwapani, akamkuta baba anarudi na jembe begani. Akamkabidhi. Baba akampokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamfungua miguu, akamweka chini.

Kuku akajikung'uta. Akapita katikati ya miguu ya mzungu, akazunguka nyuma ya jiko, akaingia kwenye kiota chake na kulalia mayai yake.

Baba alikitazama kile kiota, kisha akamtazama mama. Mama alikuwa anatazama chini. Baba akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga, akateremka bondeni. Jioni maji yalipanda, na mama hakushuka tena mpaka alipojifungua mdogo wangu, salama.

Siku ile mzungu alisimama pembeni akitazama kila alichofanya baba, na baba hakumtuma nje. Alimwonyesha kuchuja na kuzibua, kila hatua, mpaka akaelewa. Kisha sanduku la spana likafungwa kwa kufuli, na kwenye daftari baba akaandikwa upya mtia mafuta.