Ua Mpakani

Watu wa Ujiji wana ugonjwa mmoja usio na dawa. Wanaamini Kiswahili kililetwa mjini kwao kimefungwa kwenye kanga, wakakabidhiwa wao wakitunze. Mtu akishuka kutoka milimani na Kiha chake mdomoni watampokea, watamlisha, watamwoza na watoto wao, lakini akiteleza neno moja tu, neno hilo litachekwa mpaka kwa wajukuu. Asia aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Wiki ya kwanza ya ndoa yake mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, kafagie ua," naye akauliza kwa adabu zote, "Ua lipi, mama?" Yeye ua alilolijua ni lile linalochanua. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alicheka hadi akashika ukuta, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mke wa Chande katumwa kufagia, yeye anatafuta waridi.

Miaka imepita, na Asia sasa anaweza kugombana na wauza dagaa kwa Kiswahili safi, bila kuokota hata neno moja la Kiha. Lakini sifa ikishakukaa haibanduki. Mpaka leo akifungua mdomo kuna mtu pembeni anasubiri ateleze.

Ua ule ule aliotumwa kuufagia ndio uliokuja kuwa bustani yake. Ni kipande cha udongo mwekundu nyuma ya nyumba, kinachoinama taratibu kuelekea ziwani. Hapo Asia hupanda lengalenga, ambayo watu wa mjini wanaiita mchicha, hupanda bamia na nyanya chungu, na matembele kando ya maji ya bafuni. Ni mtu wa kuzama mawazoni, Asia. Humwagilia macho yakiwa ziwani, na asubuhi za baada ya mvua, milima ya Kongo inapoonekana karibu hivi kwamba unaweza kuhesabu mikunjo yake, husahau kabisa kwamba ana kopo mkononi. Hufikiri kwamba usiku milima ile ilivuka maji kidogo kidogo, na kwamba iko siku ataamka aikute imesimama kwenye bamia. Huku maji yanamwagika hapo hapo mpaka tuta linabomoka.

"Asia!" Ashura humpigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. "Hizo bamia unazifundisha kuogelea?"

Ashura ni mke wa Haruna, na Haruna ni kaka yake Chande, wa tumbo moja. Nyumba zao zimepeana migongo, na uwanja ulio katikati ni mmoja, kwa sababu marehemu baba yao hakuona haja ya kujenga ukuta kati ya wanawe. Siku Asia alipompoteza mtoto wake wa kwanza, Ashura ndiye aliyeuvuka uwanja ule bila viatu, akamshika, akakaa naye mpaka machozi yakaisha yenyewe. Asia hajawahi kulisahau hilo. Anampenda Ashura kama mtu anavyoipenda nyumba aliyozaliwa.

Waume zao ni mafundi wa kuunda maboti, au walikuwa mafundi wa pamoja, mpaka siku walipoishusha boti moja kule Kibirizi, mwenye boti kavaa suti na wageni wake wamejipanga, na boti ikaanza kunywa maji mbele ya macho ya watu. Haruna akasema kwa sauti, "Mbao zangu hazina kosa. Muulizeni aliyeziba nyufa." Chande akajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Muulizeni aliyepasua mbao mbichi!" Basi. Ndugu wawili waliokula sahani moja tangu utoto wakabaki na salamu ya Mungu tu pale msikitini, tena ile ya midomo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Chande alikuwa amepata kazi ng'ambo ya ziwa, Kalemie, ya kumuundia tajiri mmoja maboti. Kabla ya kuondoka alisimama uani muda mrefu, akaupima uwanja kwa macho, kisha akatazama minyaa ya jirani wa chini, ule mti wenye maziwa ya sumu ambao hata mbuzi anaukwepa. "Minyaa ikishika," akasema, "huoni hata moshi wa mwenzio." Asia alisikia, akaendelea na matuta yake.

Siku chache baada ya kuondoka, Chande akapiga simu. "Mvua imeshika huko?"

"Imeshika."

"Basi panda ua pale mpakani, kati yetu na wale. Panda mapema, tena..." Mtandao ukaimeza iliyobaki.

Asia alibaki na simu sikioni, akisikiliza ukimya. Msomaji, usinidanganye nami nisikudanganye: alijua mumewe anataka nini. Lakini neno lenyewe lilikuwa limevuka ziwa likiwa uchi, halina hata herufi moja ya kulishika mkono. Chande angesema "uwe mrefu," ingekuwa mwisho wa maneno, ni uzio. Angesema "liwe zuri," ni la kuchanua. Alisema ua, akakatika. Salio Asia alikuwa nalo la kutosha kumpigia na kumuuliza. Hakupiga. Aliutazama uwanja, akaona minyaa imesimama pale katikati, na yeye anamchungulia Ashura kwenye tundu kama mfungwa, na moyo wake ukakataa katakata. "Mimi si Muha tu?" akajiambia. "Kiswahili kimenishinda, mji mzima unajua." Maneno hayo yalikuwa yamemuumiza miaka yote, na siku hiyo kwa mara ya kwanza yalimpa raha.

Akapanda ua.

Akapanda mrehani mstari wa mbele, kutoka ukuta wa bafu mpaka shina la mpapai. Nyuma yake akachomeka vijiti vya waridi alivyopewa na Melania, rafiki yake anayeuza mboga Mwandiga. Katikati akaweka asumini iliyokatwa kwenye uwanja mmoja wa zamani wa Ujiji, ambako bibi mwenye nyumba alimpa bure kwa sharti asiseme asante, maana mche wa kushukuriwa haushiki. Mwishoni kabisa akafukia mbegu za maboga, kwa sababu hakuna Muha atakayepanda mstari mzima bila kitu cha kula.

Halafu mvua ikafanya kazi yake. Zilikuwa wiki za kijani na usingizi, asubuhi zinachelewa kuwa asubuhi, ziwa na mbingu vimeshonwa pamoja na hakuna anayeona mshono. Asia alitoka na kanga yake kichwani, akachuchumaa kati ya matuta, akasikiliza. Aliamini kwamba ukikaa kimya vya kutosha utaisikia lengalenga ikijinyoosha. Mara nyingine alihisi kwamba mtoto wake yule yuko mahali fulani humo kwenye unyevunyevu, hana huzuni, anacheza na konokono, na hakugeuka kumtafuta asije akamfukuza.

Boga halikuheshimu mpaka. Lilitambaa usiku na mchana, likavuka kwa Haruna, likazaa boga moja nene chini ya dirisha la jiko la Ashura.

"Asia, mtu wako kahamia kwangu," Ashura akaita. "Ana kitambulisho?"

Walilichuma pamoja, wakaligawa, na majani yake wakayapika kwa mawese na samaki wa ziwani, migebuka, kila mmoja na sufuria yake. Ashura akasimama mbele ya ule mstari, mikono kiunoni. "Ukipenda boga, penda na ua lake," akasema. "Na mwenye nyumba je, anayapenda haya?" Asia akajifanya mwiba wa samaki umemkwama.

Chande mwenyewe alipiga simu mwezi uliofuata. "Ua umeota?"

"Limeota, baba."

"Umeota, Asia! Umeota, siyo limeota. Miaka yote hii!" Akawageukia wenzake kule Kalemie, na Asia akasikia kicheko cha wanaume kikivuka maji.

"Haya, umeota," akasema kwa unyenyekevu, na simu ilipokatika akacheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho hakikudumu. Asubuhi moja alimkuta Haruna amesimama mpakani, mikono nyuma, anaitazama asumini. Ni mtu mkubwa, mzito wa maneno, na tangu ule ugomvi hakuwahi kukanyaga karibu na hapo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Haya umeyapanda kwa nini?"

Asia angeweza kusema ni ya kwake mwenyewe. Badala yake ulimi ukatoa ukweli. "Chande kaniambia nipande ua mpakani."

"Chande?"

"Ego, shemeji," ndiyo ya Kiha ikamponyoka. "Alipiga simu kutoka Kalemie. Kati yetu na ninyi, alisema, na nipande mapema."

Haruna aliinama akanusa mrehani, akaondoka haraka kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Kesho yake Asia alikuta asumini imejengewa kichanja cha mbao za mninga zilizopigwa randa vizuri, kazi ambayo mtu haifanyi kwa haraka. Mvua ilipokatika kidogo, ule ukame mfupi wa baada ya mwaka mpya, na bomba likakauka, Haruna akawa, akitoka msikitini alfajiri, anachota ndoo kisimani na kuumwagilia mstari mzima, upande wake na upande wa pili. Siku moja, bila kumtazama Asia, akasema, "Mimi ndiye mkubwa. Ilinipasa nianze mimi. Sikujua mdogo wangu ana moyo wa namna hii."

Siku hiyo Asia hakula. Aliona alichokifanya. Kwanza ilikuwa mzaha wa neno, na mtu aliyekuwa hatarini ni yeye peke yake: Chande angerudi, angefoka, angeng'oa maua, angepanda minyaa. Sasa kulikuwa na mzee wa watu anayeamka alfajiri kumwagilia msamaha ambao hakuna aliyeutoa. Chande akiyang'oa, Haruna atajua alichezewa, na atajua mdogo wake alitaka sumu na siyo maua. Hapo hakutakuwa tena na ugomvi wa boti. Kutakuwa na ndugu wawili ambao hawatazikana.

Akafikiri kuyang'oa mwenyewe. Alifika hata na jembe. Lakini waridi la kwanza lilikuwa limefumba bado, jekundu ncha tu, na Asia akasimama hapo akizama, akizama, mpaka jua likampata na jembe likiwa begani. Akalirudisha ndani.

Chande alirudi mvua za mwisho mwisho, bila kutoa taarifa, na bodaboda ikamshusha mlangoni alasiri. Alikuwa amekonda, amefurahi, na zawadi ya vitenge vya Kongo kwapani. Alimsalimu mkewe, akanywa maji, akaulizia ua. Asia akasema uko nyuma. Chande akatangulia.

Asia alipofika uani alimkuta mumewe amesimama. Asumini ilikuwa imefunika kichanja chote, mawaridi yamefunguka, mrehani umefika magotini, na nyuki wanapita kwenda na kurudi bila kujali nani kagombana na nani.

"Hiki ni nini?"

"Ua," Asia akasema.

"Nilikwambia ua, Asia!"

"Ego. Ua."

Chande akamgeukia. Asia aliuona uso wake ukipita kwenye hasira, ukapita kwenye kicheko kilichokataa kutoka, ukarudi kwenye hasira. Akaushika mche wa kwanza wa mrehani kwenye shina, kwa mkono ule wa kupinda mbao. Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguka.

Haruna alikuwa amesikia sauti. Alitoka na ndara, na kanzu ya ndani bila kofia, Ashura nyuma yake. Akaja mpaka kwenye mstari, akakomea hapo. "Chande," akasema. "Nimeyaona maua yako. Kila siku nimeyaona." Na yule mtu mkubwa akafuta macho kwa kiganja mbele ya wanawake bila kuona aibu.

Chande alikitazama kichanja. Yeye ni fundi, na fundi hahitaji kuambiwa mbao fulani imepigwa randa na nani. Aliutazama mkono wake mwenyewe, bado umeshika mche.

Akauachia.

"Nilimwambia apande mapema," Chande akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Kabla mvua haijakata."

Haruna alitaka kuvuka, lakini mstari ulikuwa mzima, umefungamana kutoka bafuni mpaka kwenye mpapai, kwa maana Asia alikuwa amepanda vizuri mno na hakuacha hata pa kupitisha kuku. Haruna alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta njia ya kuzunguka, huku miguu yake mikubwa ikiogopa kuharibu.

"Pita hapo hapo, kaka," Chande akamwambia. "Kanyaga tu. Yataota."

Na Asia, aliyeujua kila mche kwa siku yake ya kuota, alitazama ndara za shemeji yake zikilaza mrehani, zikivunja waridi moja na jingine, na harufu ikapanda uwanja mzima.