Mkono wa Mama Unavuma

Mkono wa kushoto wa mama yangu unavuma. Figo zake zilipogoma kabisa, daktari alimuunganishia mishipa miwili ya damu karibu na kiwiko, ili mashine ya kumsafisha damu ipate njia pana. Tangu hapo damu inapita kwa kasi mpaka ngozi inatetemeka, na ukiweka sikio unasikia mngurumo kama wa friji kuukuu. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini hili linaniacha mdomo wazi mpaka leo. Uhai wa mtu mzima, na ubishi wake wote, unapita hapo.

Kigali watu wakikusalimia hawaishii kwenye vidole. Wanakukumbatia, kisha wanakushika mikono yote miwili. Basi wageni wetu hapa Biryogo walikuwa wanashtuka.

"Mama, hapa iko kitu inatetemeka," jirani mmoja alimwambia.

"Pikipiki inapita," mama akajibu. "Kaa kando isikugonge."

Alikulia Mwanza, na utani wa kule alirudi nao.

Jumapili moja alikwenda mtaa wa Gatsata kumpongeza mzazi aliyejifungua. Hawakukubali aondoke mikono mitupu, wakamjazia begi viazi na maparachichi. Akalitundika kwenye kiwiko cha kushoto, mkono aliokatazwa na daktari kubebea mzigo, akatembea nalo njia nzima, kwa sababu mkono wa kulia ni wa kusalimia watu. Adabu hizo zilitaka kumuua.

Nilimpokea mlangoni. "Shikamoo mama." Nikamshika mikono. Wa kushoto ulikuwa kimya. Nikasogeza vidole juu, nikarudi chini. Kimya.

"Begi ulibeba mkono gani?"

Akauangalia mkono wake. Hakutania. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya mashine, na bila mshipa ule sindano hazina pa kuingia.

Kwenye teksi nilimgombeza mpaka hospitali. Nilikuwa naogopa, basi. Yeye alitazama dirishani tu, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Damu imeganda," daktari alisema. "Damu ya wagonjwa wa figo ina vituko. Pa kuganda inavuja, pa kupita inaganda. Lakini mmewahi."

Walipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, wakalivuta bonge la damu. Daktari alinionyesha: jeusi, dogo, halizidi haragwe. Kitu kile ndicho kilichokuwa kinaninyang'anya mama.

Nilipoingia chumbani nilimkuta amelala chali, mkono wa kulia umefumbata shuka. Ule mwingine alikuwa hajathubutu kuugusa.

"Nisalimie," akasema.

"Shikamoo mama." Nikamshika.

"Je?"

"Pikipiki inapita, mama."

Akageukia ukutani, akalia. Sikuwahi kumwona analia. Sikuuachia ule mkono.