Meza Niliyoipaka Chai

Baba yake Chebet alisema hamwozi binti yake kwa mwanamume asiyejua kazi ya mikono. Basi nikamtengenezea meza, nikaibeba hadi kwake Boito na kuapa kwamba ni mvule mtupu.

Uongo. Miguu ilikuwa saiprasi, fremu mkalitusi, juu mabaki ya mgrevilea, na rangi zao ziligombana kama wake wenza. Kwa uvivu wa kwenda Silibwet kutafuta vanishi, nilichemsha majani ya chai hadi yakawa meusi, nikapaka mara tatu. Meza ikapendeza mno, hata mimi nikaanza kuamini ni mvule.

Nilisahau kwamba mzee alikuwa mwonja chai kiwandani miaka yote.

Aliingia amelowa mvua, akaegemeza mkono mezani. Shati lake jeupe likageuka hudhurungi. Akalinusa. Akapitisha kidole kwenye meza, akakilamba, akafumba macho kama yuko kazini.

“Kijana,” akasema, “huu mvule wako umechumwa juzi.”

Chebet alikuwa ameshaficha uso kwenye leso.

“Mama Chebet, lete maziwa! Meza imeiva.”