Asiyekuwa Mkwe wa Jilala

Katika kijiji cha Ilonzi, kando ya barabara ya kutoka Kahama kwenda Ushirombo, karibu kila mtu alikuwa mkwe au shemeji wa Jilala mwenye duka. Jilala alijaliwa mabinti wengi na dada wengi zaidi, nao wote waliolewa hapo hapo. Aliyebaki nje ya ukoo huo alikuwa Damian, mfyatua tofali, na hakuna aliyewahi kumwonea wivu kwa hilo.

Mwaka 1953, mvua zilipoanza, Jilala alipandisha bei ya mafuta ya taa. Chupa iliyokuwa senti hamsini ikawa senti themanini. Alisema treni imechelewa Isaka, mara malori yamekwama kwenye tope. Watu walinung'unika majumbani mwao, maana huko ndiko kunung'unika hakuna hatari. Nani angemwendea? Mkwe hapigiwi kelele za bei. Mkwe unampisha njiani, unainamisha macho, unapokea alichokupa na kushukuru. Kubishana naye mbele ya meza yake ya duka ni aibu ambayo hata wajukuu wangesimuliwa.

Ndipo Donatus, katekista wa kijiji, alipomkumbuka Damian.

Damian alitoka upande wa Bukoba. Alichimba dhahabu Geita mpaka kifua kikamshinda, kisha akahamia Ilonzi kufyatua tofali za parokia. Alikaa hapo miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyekaa kwake akala naye. Hawakumchukia. Jioni kila mtu alirudi kwa watu wake, na Damian hakuwa na watu. Wengine waliitwa Baba Tereza, Mama Januari. Yeye aliitwa yule wa tofali. Alikula ugali wake akiutazama ukuta, na upweke ulimuuma kuliko kile kifua.

Walimwendea wakiwa kundi zima.

"Damian, wewe huna mkwe hapa," Donatus alisema, bila kujua kwamba anamchoma. "Wewe ndiye unayeweza kumwambia yule mzee. Sisi tumekubaliana, hakuna atakayenunua hata tone mpaka ashushe. Tunataka hamsini. Akifika sitini, pokea, tutavumilia."

Damian alikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Basi Ilonzi ikakaa gizani. Kuni zilikuwa zimelowa, mafiga yalifuka moshi tu, na moto mzuri ulikuwa mmoja, kwenye banda la Damian, alikotunza magogo makavu ya tanuri. Siku ya kwanza watu walikuja kuuliza Jilala kasemaje, wakaona joto, wakakaa. Siku ya pili walikuja na watoto. Bernadina, ndiye Mama Januari, alileta matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, akavigawa kama yuko kwake. Mzee Nkwabi alitega vitendawili na kukasirika vilipoteguliwa upesi. Watu wa Ilonzi waliijua siku zote methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia ya kwa Damian tu ndiyo iliyokuwa imewapotea.

Jioni moja mtoto wa mtu alisinzia juu ya paja la Damian. Mguu ulikufa ganzi, naye hakuusogeza. Alikaa vile mpaka mama wa mtoto alipokuja kumchukua, na wakati huo wote alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa.

Jilala, naye, alichoka kukaa na mapipa yake. Akatuma Damian aitwe dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikiliza, Damian. Sitini. Nenda kawaambie wakwe zangu waje wachukue mafuta, yaishe haya."

Ndilo neno alilotumwa kulipokea. Damian alilifikiria banda lake likiwa tupu, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Hapana, mzee."

Jioni walimuuliza, naye akasema Jilala bado mgumu. Aliwadanganya watu waliokuwa wakila naye, akaona haya, na hata hivyo akasogeza gogo jingine motoni ili wasione baridi wakaondoka.

Wakaendelea hivyo hadi siku Mama Januari alipokuja amechelewa. Mwanawe alikuwa na homa.

"Usiku namgusa paji, namgusa mdomo, najua anapumua," alisema. "Lakini sura yake siioni, baba. Sijui kama macho yamegeuka au analala tu. Ila wewe usilegee kwa ajili yangu. Shikilia hapo hapo."

Damian alikiweka chini kiazi alichokuwa akila. Mama wa watu alikuwa akimpapasa mwanawe gizani, na giza hilo alilirefusha yeye, kwa tamaa ya kuwa na watu.

Asubuhi alikwenda dukani mbio, amekusudia kuikubali ile sitini hata kwa kupiga magoti. Hakupewa nafasi.

"Una moyo wa jiwe, wewe!" Jilala alifoka alipomwona tu. "Haya, hamsini. Hamsini! Niondokee."

Kijiji kilimpokea kwa vigelegele na shukrani za Kisukuma. "Wabeja, Damian! Wabeja sana!" Habari ya sitini ilikwisha kutoka dukani, nayo ikazidisha sifa.

"Tulimwambia apokee, akakataa kwa ajili yetu!" Mzee Nkwabi alimwambia kila aliyepita. "Ndugu gani angetutendea hivi?"

Damian alitaka kusema ukweli. Akawatazama walivyomtazama, akapokea pongezi zao.

Jioni ile alifagia banda, akatandika jamvi, akawasha moto mkubwa kuliko siku zote. Giza lilipoingia, kibatari kikawaka kwa Donatus, kingine kwa Nkwabi, kisha nyumba hadi nyumba. Kutoka kwa Mama Januari alisikia kicheko cha mtoto, akashukuru kwa moyo wake wote kwamba yule mama sasa anaiona sura ile. Hakuja mtu. Hawakuwa na ubaya naye. Walikuwa wamepata mwanga, wamekaa na watu wao.

Jumapili, kanisani, Donatus aliongoza sala ya shukrani na kumtaja Damian kwa jina. Watu waligeuka wakamchekea. Kisha katekista akasema kila mtu amwombe Mungu haja yake kimya kimya. Damian alipiga magoti kule nyuma, akafumba macho, akaomba chumvi ipande bei.