Mustari Mweupe Kati Yetu na Bakwe

Ninyi vijana benye mutasoma hii, afazali aibu yangu muisikie kwangu mwenyewe, mbele batu ba soko ya Bulengera babaongezee chumvi: bakwe bangu balisimama mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yangu, bila kiti, na mwenye kosa ni mimi.

Tulikuwa tunangojea bakwe betu ba Kalunguta balete mbuzi za mahari ya mujukuu wangu Masika. Dada yake Kavugho, mwenye anatumikaka mu bureau, aliandika bageni bote, ba kwetu na bakwe, mu mashini yake ya kompyuta, mutu moja mustari moja, halafu akatunga amri yenye anaita makro: unafinya mara moja, mashini inahesabu yenyewe mistari yenye kuwa na majina. Ukungu ilikuwa ingali imelala ku milima, chai inanipoa mukononi, na mimi naangalia majina inapita polepole, nikaona kama bwana wangu marehemu naye anatembea katikati yao (musinicheke), ndiyo nikaona bakwe baliandikwa bega kwa bega na sisi.

— Batenganishe, nikasema. Bakwe habagusanake na familia. Acha mustari moja mweupe katikati, bila jina.

— Koko, bibi yangu, lakini makro...

— Kavugho! Nani alizaa mama yako?

Akaacha ule mustari, akafinya. Arobaini na mbili. Ile hesabu ilining'aria pale ndani kama kitu cha ndoto, sikujiuliza kitu, nikaagiza viti na bugali ya batu arobaini na mbili.

Saa sita bakwe bakatokea mu ukungu pole pole, batu nyuma ya batu, mbuzi mbele, na mimi nabaki naangalia tu, kumbe viti yote imeshajaa ba kwetu. Muzee wao hakuniuliza mimi, aliuliza mbuzi yake:

— Tulialikwa, ao tulikuwa tunapita?

Na akageuza kamba kuelekea barabara. Ku mulango Masika akaanza kulia.

— Koko, Kavugho akaninong'oneza, makro ikikuta mustari mweupe inajua majina imeisha. Ilihesabu sisi tu.

— Ba nyumba hii bote, inuka! nikapaza sauti. Viti ya bageni, sahani ya bageni!

Tukasimama mpaka saa kumi na njaa yetu, mimi na magoti yangu ya uzee. Muzee akageuka akarudi, akakaa, akakula, akaacha mbuzi. Masika ataolewa.

Bakwe balipoondoka, nikakusanya batu bangu bote, nikabaambia: «Mu nyumba hii, mwenye anajua kazi yake amalize kusema. Hata mimi nikikunja uso, amalize.»